Majibu yangu kwa maneno ya kilioni

Kilioni Kasaji, mtu akiwa amefia hospitalini baada ya kupasuliwa, sababu hutajwa mapema. Wanaume wameketi kuzunguka gogo linalowaka, akina mama wako ndani na mfiwa, na mmoja wa wazee husema kwa sauti ya chini: "Balimupatia dawa ya usingizi mingi, hakuamuka tena." Wengine huitikia kwa kichwa, na maneno huishia hapo.

Mimi ni muuguzi wa usingizi. Nimefanya kazi katika hospitali ndogo za njia ya reli, ile inayotoka Kolwezi ikapita Mutshatsha na Kasaji hadi Dilolo, mpakani na Angola. Maneno yale nimeyasikia mara nyingi mno. Sijawahi kuyajibu kilioni, maana pale si mahali pa kubishana na waliofiwa. Nayajibu hapa, pamoja na maneno mengine ndugu zake, yakiwemo yale tunayoambiana sisi wenyewe tunaovaa kanzu nyeupe.

Kwanza nikubali lililo kweli. Dawa ya usingizi inaweza kuua, na ilianza kuua mapema. Oktoba 1846 William Morton alimlaza mgonjwa kwa etha mjini Boston, na habari zikaenea dunia nzima. Januari 1848, kaskazini mwa Uingereza, binti wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener alifariki akivutishwa klorofomu ili atolewe ukucha wa kidole cha mguu. Kwa hiyo siitetei dawa kana kwamba ni maji ya kisima. Ninachokataa ni lile neno "mingi."

Dozi tunaipima kwa kilo za mgonjwa, lakini mizani haijui kilichomo ndani ya mtu. Wanaume wawili wa kilo 60, mmoja mzima na mwingine mwenye ini lililoharibika au damu iliyopungua, wakipewa kiasi kilekile, wamepewa dawa mbili tofauti. Mtu mwenye ugonjwa wa siku nyingi huishi kwa sababu mwili wake umejikaza: moyo unapiga haraka zaidi, mishipa imejibana, kifua kinavuta pumzi kwa bidii. Mchana anatembea, analima, anacheka, na hakuna anayeona jinsi mwili wake unavyohangaika ndani. Kisha tunamlaza. Kazi ya dawa ya usingizi ni kulegeza, na ikilegeza inalegeza kila kitu, pamoja na kule kujikaza kulikokuwa kukimshikilia. Hapo ndipo ugonjwa uliokuwa umejificha hujitokeza, mara nyingi bila kutupa nafasi ya kujiandaa.

Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofuatilia zaidi ya wagonjwa 11,000 waliopasuliwa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Walikuwa vijana kuliko wagonjwa wa nchi tajiri na wengi hawakuwa na magonjwa mazito, lakini waliokufa walikuwa kiasi cha 2 katika kila 100, mara mbili ya wastani wa dunia. Na karibu wote hawakufia mezani. Walikufa siku zilizofuata, wodini, mahali ambapo muuguzi mmoja anaangalia vitanda vingi na hakuna kipimo cha oksijeni kidoleni. Mzee wa kilioni anapotafuta kosa kwenye bomba la sindano anatafuta mahali padogo. Kosa huwa limeanza kabla, katika ugonjwa ambao haukuulizwa wala haukusemwa, na likaendelea baadaye usiku, mgonjwa akiwa hana wa kumwangalia.

Neno la pili nalisikia kila jioni ninapozunguka vitandani kuwaona wa kesho. Nauliza, "Mama, uko na ugonjwa gani mwingine?" Jibu: "Siko na ugonjwa, niko na tansio tu."

Hiyo "tu" inanitia hofu. Ubongo na figo za mtu aliyeishi miaka na tansio, yaani shinikizo la juu la damu, zimezoea kusukumiwa damu kwa nguvu. Nikimshusha ghafla hadi kiwango ambacho kwa kijana ni cha kawaida, kwake ni njaa ya damu, na anaweza kuamka upande mmoja umepooza. Tena ninapoingiza mpira wa pumzi kooni, tansio ileile huruka juu kwa kishindo. Usingizi wa mtu huyu ni kupanda na kushuka, na kazi yangu yote ni kupunguza vilima na mabonde.

Lakini wapo pia wanaosema kinyume, kwamba mwenye tansio hapasuliwi kabisa. Hilo nalo si kweli, na limewaacha watu wengi na henia zao mpaka zikajinyonga. Mwaka 2016 madaktari wa usingizi wa Uingereza na wenzao wa shinikizo la damu walikubaliana kwamba upasuaji usio wa dharura usiahirishwe kwa sababu ya tansio peke yake ikiwa imepimwa hospitalini na iko chini ya 180 kwa 110. Mtu wa 160 tunaendelea naye, tukijua tulicho nacho mkononi.

Kinachotusumbua zaidi ni vidonge. Mama mmoja alifungua pindo la kikwembe chake mbele yangu, akatoa vidonge vinne vyeupe, viwili vya duara, viwili virefu, bila boksi, bila jina. Alikuwa ameviacha siku mbili kwa sababu aliambiwa asiweke kitu tumboni. Hapa mambo yanagawanyika. Kuna dawa za tansio ambazo ukiziacha ghafla moyo unashtuka, na hizo hunywewa asubuhi ileile ya upasuaji kwa maji kidogo tu. Kuna nyingine, kama enalaprili na kaptoprili, ambazo aghalabu tunaziruka siku hiyo kwa sababu zikikutana na usingizi hushusha presha hadi ikawa vigumu kuipandisha. Nikiona kidonge cheupe kisicho na jina siwezi kujua kiko upande gani. Ninachowaomba watu ni boksi. Hata likiwa tupu, hata likiwa limechanika, lije.

Mwenye kisukari huambiwa afunge tangu jana yake "ili sukari ishuke." Itashuka, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu aliye macho sukari ikimwishia hutoka jasho, hutetemeka, huongea ovyo, na mkewe anajua la kufanya. Aliyelala hasemi kitu. Kwa hiyo huyo awe wa kwanza asubuhi, asiwekwe wa mwisho baada ya henia tatu, na tone la damu yake lipimwe kabla, katikati na baada.

Sasa nije kwa neno linaloniuma kuliko yote: "Mutoto wa SS habapasuake, atakufa." Katika nchi yetu watoto makumi ya maelfu huzaliwa na selimundu, ndiyo hiyo SS, kila mwaka, na kila mtaa wa Kasaji unamjua mmoja wao, yule mdogo kuliko umri wake, mwenye macho ya njano, anayelia mifupa. Watoto hawa hupata mawe ya nyongo, huoza mfupa, huvimba wengu, yaani wanahitaji upasuaji kuliko watoto wengine. Kisha wanaambiwa mlango umefungwa.

Mlango haujafungwa. Ila kuupita kunataka maandalizi, na maandalizi yenyewe, kwa sehemu kubwa, hata hospitali maskini inayaweza. Chembe ya damu ya mtoto wa SS hujikunja kama mundu inapokosa oksijeni, inapokosa maji, mwili unapopoa, na damu inapokuwa na asidi. Angalia orodha hiyo halafu uangalie asubuhi ya kawaida ya upasuaji kwetu: mtoto hajanywa maji tangu jioni, yuko uchi chini ya shuka nyembamba, sakafu ya simenti, na Juni na Julai baridi ya huku Katanga hupenya hata koti. Tumemwandalia mtoto kila kitu kinachokunja chembe zake, kisha tunashangaa kifua kinapombana siku ya pili.

Nilimwandaa mmoja, wa miaka 9 hivi, aliyekuwa na mfupa wa paja uliooza. Dripu ilianza usiku, mara tu alipoacha kula, ili kufunga kusimkaushe. Mama yake alileta blanketi la nyumbani, lile zito la mistari, na tukachemsha maji tukayatia kwenye chupa mbili za plastiki, tukazifunga vitambaa, tukaziweka kandokando mwake bila kugusa ngozi. Oksijeni alipewa kabla ya usingizi na hatukuiondoa alipoamka. Alilala nayo hadi kesho yake. Damu aliongezwa kidogo, hadi haemoglobini ikakaribia 10. Utafiti wa 2013 ulionyesha kwamba kuongeza damu kabla ya upasuaji hupunguza sana matatizo kwa watu hawa, na hakuna haja ya kumjaza mpaka damu iwe nzito, kwa maana damu nzito nayo inaziba. Mpira wa kubana paja, ambao daktari huupenda ili asione damu, hatukuufunga. Na maumivu yalitibiwa kwa saa, bila kungoja alie, kwa sababu mtoto mwenye maumivu havuti pumzi hadi chini, na pafu lisilofunguka ni mwanzo wa balaa lingine.

Katika hayo yote, kilichokuwa kigumu kupatikana ni damu. Mengine yalikuwa blanketi, maji na mtu wa kukesha. Niongeze jambo moja ambalo familia nyingi huchanganya: mwenye AS, aliyebeba kijiurithi kimoja tu, si mgonjwa wa SS. Anapasuliwa kama watu wengine, ukizingatia apate oksijeni na maji ya kutosha.

"Mutoto iko na mafua tu." Neno hili ni la wazazi, na mara nyingine la madaktari walio na haraka. Njia za hewa za mtoto mwenye mafua zimechubuka, na hubaki hivyo wiki kadhaa baada ya pua kukauka. Ukizigusa, au tone la mate likianguka kwenye koo la sauti, koo hujifunga kabisa. Hewa haiingii wala haitoki. Unaona kifua kinavutwa ndani na tumbo linatoka nje, na hakuna sauti. Mtoto mdogo hutumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima kwa kila kilo ya mwili wake, kwa hiyo midomo hubadilika rangi kabla hujamaliza kuita msaada. Ikiwa kilichomleta ni henia isiyouma, arudi baada ya wiki tatu au nne. Baba aliyetoka kijijini kwa baiskeli, mtoto mgongoni, atakasirika, na ana haki ya kukasirika. Naomba tu hasira hiyo imkute mtoto wake akiwa hai. Ikiwa ni utumbo uliojinyonga hakuna kungoja, lakini hapo tunaingia tukijua na sindano ya atropini iko tayari.

Neno la bukari linafanana na hilo: bibi humlisha mtoto bukari, yaani ugali, na sombe alfajiri, kwa siri, ili awe na nguvu ya kuvumilia kisu. Ni upendo, na ndiyo maana kumkemea hakufai, kumweleza kunafaa. Mwaka 1946 daktari Mmarekani Curtis Mendelson aliandika juu ya akina mama 66, kati ya uzazi 44,016, ambao chakula au asidi ya tumbo viliingia mapafuni wakiwa chini ya usingizi. Kikohozi kinachotulinda nacho hulala. Chakula kizito kikae mbali saa 6, maziwa ya mama saa 4, na maji matupu yanaruhusiwa hadi saa 2 kabla. Hilo la mwisho husahaulika, watoto wakateswa kwa kiu bure. Na kuna matumbo ambayo hayahesabu saa: mjamzito aliye katika uchungu, mwenye maumivu makali, aliyetobolewa utumbo na taifodi, mwenye kisukari cha miaka mingi. Hao tunawachukulia kuwa wameshiba hata wakiapa hawajala tangu juzi.

"Ule anakunywaka lutuku, dawa haiwezi kumulalisha." Nusu ya neno hili ni kweli, na nusu ya ukweli imeshawaponza watu. Mnywaji wa miaka mingi, akiwa hajaonja siku hiyo, kweli huhitaji dawa zaidi ili alale. Lakini yuleyule akija amelewa, tuseme pikipiki imemwangusha usiku, anahitaji kidogo kuliko kawaida, maana nusu ya usingizi ameshaunywa, na tumbo lake limejaa. Na ini lake likiwa limeshakufa, tumbo limejaa maji na macho ni ya njano, dawa hukaa mwilini saa nyingi na damu haigandi. Mtu mmoja, hali tatu, na kila moja ina dozi yake. Kisha kuna siku ya pili na ya tatu, ambayo familia haiijui: aliyenyimwa lutuku ghafla huanza kutetemeka, kuona wadudu ukutani, kung'oa dripu. Wodini husemwa amerogwa, au usingizi umemharibu akili. Ni pombe inayodai. Mtu akiniambia kiasi anachokunywa bila kuogopa mahubiri yangu, naweza kumwandalia vitamini na dawa ya kumtuliza kabla ya siku hiyo kufika.

Vijana wetu wengi wameenda kuchimba Kolwezi, hasa tangu 2014 kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za mtaa wake wa Kasulo. Wanaporudi hawasemi "nina kifua." Wanasema "ni vumbi." Vumbi la mawe hukakamaza pafu na hukifungulia kifua kikuu mlango, na aliye na vyote viwili ana pafu lisilotanuka nikimpulizia. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, jasho la usiku, damu kwenye makohozi: hayo niambiwe, kwa ajili yake na kwa ajili ya mtoto atakayevuta hewa kwenye mipira ileile baada yake. Upasuaji usio wa dharura ungoje angalau wiki mbili za dawa. Na mwenye virusi vya ukimwi asidhani kwamba akisema atafukuzwa mezani. Akiwa anameza dawa zake vizuri analala na kuamka kama wengine. Nahitaji kuzijua dawa zake kwa sababu baadhi huzuia za kwangu zisitoke mwilini, na ya kifua kikuu, rifampisini, hufanya kinyume, huziharakisha zitoke. Nauliza maswali haya mlango ukiwa umefungwa, mama mkwe akiwa nje.

Yaliyobaki ni yetu sisi wa kazini. La kwanza: "Ketamini ni salama kwa kila mtu." Dawa hii, iliyotengenezwa mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens na kuingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1985, imeokoa watu wetu wasiohesabika. Inamwacha mgonjwa akipumua, haitaki mashine, na mwenye pumu inamfungulia kifua. Lakini inapandisha tansio na mapigo. Mama mwenye tansio ya mimba, 180 kwa 120, kichwa kinamuuma na anaona nyota, ukimpa ketamini peke yake unamsukuma kuelekea mshipa kupasuka kichwani. Huyo kwanza apewe magnesi, ambayo utafiti mkubwa wa 2002 ulionyesha kwamba hupunguza kifafa cha mimba kwa nusu, na tansio ishushwe polepole. Na kwa mgonjwa aliyechoka kabisa, wa utumbo uliotoboka siku nne, mwenye mapigo 140 na mikono ya baridi, ketamini ileile inaweza kushusha presha badala ya kuipandisha, kwa kuwa mwili hauna tena kitu cha kujikazia. Maji na antibayotiki vitangulie, na dozi iwe nusu.

La pili: "Moyo ukiwa mbovu, mchome mgongoni tu, ni salama zaidi." Kwa wengi sindano ya mgongo ni bora, na wala haileti kilema kama wasemavyo sokoni. Lakini moyo una aina zake za ubovu. Koo la utotoni lisilotibiwa huweza kuacha valvu za moyo zimeshikana, na mlango ulioshikana hupitisha damu kwa kiasi kilekile tu. Utafiti uliofanywa zaidi katika nchi za Afrika na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta nusu ya wagonjwa wa valvu kama hizi wako chini ya miaka 28, na wengi wao ni wanawake. Wanagundulika wanapobeba mimba, damu inapoongezeka karibu nusu. Ukimchoma mgongoni, mishipa ya miguu yote hufunguka kwa mara moja, damu hukaa chini, na moyo ule hauna namna ya kuongeza unachosukuma.

Hatuna mashine ya kupiga picha ya moyo kila mahali kwenye njia hii ya reli, lakini tuna swali. Namuuliza mama: bidoni ya lita 20, kutoka kisimani hadi nyumbani, unaibeba bila kusimama? Wengi hucheka, husema wanabeba na mtoto mgongoni juu yake. Kuna mmoja hakucheka. Alikuwa mdogo, mimba ya kwanza, ya miezi minane, mtoto amekaa vibaya, na upasuaji ulipangwa asubuhi. Aliangalia chini, akasema tangu mvua zilipoanza mdogo wake ndiye anayemchotea. Nikauliza analalaje usiku. "Ninalala nikikaa, Papa munganga. Nikilala, maji inanipanda mu kifua."

Nilimwekea sikio la chombo kifuani, nikasikia mngurumo chini ya titi la kushoto. Daktari alisikiliza baada yangu, akafuta jina lake kwenye ubao wa kesho. Kolwezi iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kasaji, na barabara ni ya mchanga. Aliondoka alfajiri, mito miwili nyuma ya mgongo wake, ameketi wima njia nzima.